SOMO LA KIKUNDI: KABLA YA KUJENGA UA, HESABU MAPENGO



Somo la mwezi huu ni la wote wanaolima karibu na wanyama wa porini: ninyi wa Imenti na Buuri mlio chini ya msitu wa Mlima Kenya, ninyi wa Igembe, Tigania na Tharaka mnaokaa upande wa Mbuga ya Meru, na ninyi wa Mbeere mlio karibu na hifadhi ya Mwea. Lakini hata kama kikundi chenu kiko Manyatta au Runyenjes na hamjaona ndovu miaka mingi, someni tu. Njia tutakayoeleza inafaa pia kwa nyani, kwa maji ya mfereji na hata kwa ugonjwa wa kuku.

Shida yenyewe twaijua sote. Mama amelima tangu mvua ya kwanza, amepalilia mara mbili, mahindi yamebeba. Usiku mmoja ndovu wanaingia, na asubuhi shamba ni kama uwanja wa mpira. Tena si chakula tu kinachopotea. Watoto wanakesha na wazazi wao wakipiga madebe na kuwasha moto, na kesho yake wanasinzia darasani. Kuna watu walioumizwa, na kuna waliokufa. Upande ule mwingine, ndovu naye huuawa kwa mkuki au kwa sumu.

Kila mara likitokea jambo kama hili tunaitana barazani, tunalalamika kwa chifu, kisha tunarudi nyumbani. Sasa chifu akituuliza, "Waliingia mara ngapi msimu huu? Walipitia wapi? Mlipoteza magunia mangapi?", kila mtu anasema lake. Mmoja anasema mara kumi, mwingine anasema kila siku. Hapo ndipo tunaposhindwa, si kwa sababu tunadanganya, bali kwa sababu hakuna aliyehesabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

UTAFITI NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno utafiti tunafikiria watu wa chuo kikuu na gari kubwa na karatasi nyingi. Lakini utafiti ni kuuliza swali moja, kulihesabia jibu kwa uaminifu, na kukubali jibu hata kama silo ulilolitaka.

Someni Nehemia mlango wa 2. Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kujenga ukuta siku hiyo, wala hakuita mkutano. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka, akaangalia mahali ukuta ulipobomoka na malango yaliyoteketea. Ndipo akawaita watu, akawaambia tujenge. Na katika mlango wa 3 tunaona watu wengi wakijenga sehemu iliyo mbele ya nyumba zao. Kwanza alichunguza, halafu wakagawana kazi. Kikundi kinachofuata mpango huo hakitapoteza pesa zake bure.

MLIMA WETU ULIHESABIWA

Tuanze na mfano wa hapa nyumbani. Katika miaka ya 1990 kila mtu aliyeishi kando ya msitu alijua kwamba miti inakatwa na makaa yanachomwa. Watu walisema sana, lakini maneno yalikuwa maneno tu. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, lilirusha ndege ndogo juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Wachunguzi waliandika kila walichokiona na mahali kilipo. Walihesabu zaidi ya miti 6,700 ya kamfa, ile tunayoiita muthaiti, iliyokatwa. Walihesabu zaidi ya matanuri 2,400 ya makaa. Hata mashamba ya bangi waliyakuta ndani ya msitu.

Hesabu hiyo haikuweza kukanushwa kwa urahisi. Mwezi wa Julai 2000 serikali iliuweka msitu wa mlima chini ya KWS. Mwaka 2002 walihesabu tena. Ukataji wa miti ya asili ulikuwa umepungua sana, na matanuri ya makaa yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu.

Angalieni mambo mawili hapo. La kwanza: namba zilifanya kilio kisikike. La pili: walihesabu mara mbili. Kama wasingalirudi mwaka 2002, nani angejua kama dawa ilifanya kazi? Kikundi kinachohesabu mara moja tu ni kama mgonjwa anayepimwa, anakunywa dawa, kisha harudi kupimwa.

NDOVU WA MSITUNI ANAHESABIWAJE?

Utauliza, ndovu anajificha msituni, anahesabiwa namna gani? Katika msitu mzito hata ndege haimwoni. Basi watafiti huhesabu mavi yake. Wanatembea kwa mstari ulionyooka, kwa umbali waliopima, wakihesabu kila rundo. Tena wanajua, kwa kuangalia siku baada ya siku, rundo moja huchukua muda gani kuoza na kupotea, na ndovu mmoja huacha marundo mangapi kwa siku. Kutoka hapo wanapiga hesabu ya ndovu waliomo. Alama ya mguu nayo husema. Mguu wa nyuma wa ndovu huzidi kurefuka anavyokua, kwa hiyo mtu mwenye kamba tu anaweza kupima alama na kujua kama ni mtoto au mkubwa. Kazi hiyo haihitaji digrii. Inahitaji uangalifu.

Njia nyingine ni mkanda wa shingoni wenye kifaa kinachotuma habari kwa setilaiti. Shirika la Save the Elephants, lililoanzishwa mwaka 1993, limewavisha ndovu wa kaskazini mwa Kenya mikanda kama hiyo. Kwa njia hii ilionekana wazi kwamba ndovu hazururi ovyo. Ana njia zake, na anazikumbuka. Akikuta shamba au barabara juu ya njia ya babu zake, hapo ndipo vita vinaanza.

Mfano uko Buuri. Zamani ndovu walishuka kutoka Mlima Kenya kwenda Ngare Ndare, Lewa na mpaka nyika za Samburu. Mashamba, nyua na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru vilifunga njia ile. Baada ya mashauri marefu, mashamba makubwa ya Kisima na Marania yalitoa ardhi, na njia ya kilomita 14 hivi ikazungushiwa ua, pamoja na daraja ili ndovu wapite chini ya barabara. Watu wengine walicheka, wakasema ndovu hatakubali kupita kwenye shimo. Mwanzoni mwa 2011, siku chache tu baada ya kufunguliwa, dume mmoja aliyeitwa Tony alipita, na wengine wakafuata. Mwaka 2013 UNESCO iliongeza Lewa na Ngare Ndare katika eneo la Mlima Kenya lililo urithi wa dunia.

Mfano mwingine uko Mbeere. Hifadhi ya Mwea ni ndogo, kilomita 42 za mraba. KWS ilieleza kwamba inaweza kutosha ndovu 50 hivi, lakini kufikia mwaka 2024 walikuwa 156. Nyasi na miti ikiisha ndani, ndovu watatafuta chakula nje. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba 2024 ndovu 50 walihamishwa kwa malori mpaka msitu wa Aberdare. Bila kuhesabu, tungesema tu kwamba ndovu wa Mwea wamekuwa wakorofi. Kumbe walikuwa wamebanana.

NYUKI NA NDOVU

Sasa tuje kwa jambo ambalo vikundi vingi vimetuuliza: je, ni kweli ndovu anaogopa nyuki?

Mwaka 2002 watafiti wawili, Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton, waliandika kwamba kule Laikipia ndovu waliiacha miti iliyotundikwa mizinga. Hilo lilikuwa dokezo tu. Mwaka 2007 Lucy King pamoja na hao wawili walijaribu kwa njia nyingine. Walirekodi sauti ya nyuki waliokasirika, wakaicheza karibu na makundi 17 ya ndovu waliopumzika chini ya miti. Kabla ya sekunde 80 kuisha, makundi 16 yalikuwa yameondoka. Lakini hawakuishia hapo. Walicheza pia sauti nyingine isiyo ya nyuki, na hapo makundi mengi yalibaki palepale. Hivyo walijua kwamba ndovu hawakukimbia kelele. Walikimbia nyuki.

Baada ya hapo wakajenga ua wa mizinga kwenye mashamba ya wakulima. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo, mita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, na kuunganishwa kwa waya. Katikati ya mizinga yenye nyuki huwekwa ya bandia, yaani vipande vya ubao vyenye umbo la mzinga, ili kupunguza gharama. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini machoni na ndani ya mkonga anaumia kama sisi.

Katika majaribio ya miaka miwili huko kaskazini, yaliyoandikwa mwaka 2011, mashamba 17 yalipewa ua wa mizinga na mengine 17 yakabaki na ua wa miiba wa kawaida. Ndovu walijaribu kuingia mara 14 kwenye upande wa mizinga, na mara 13 walirudishwa. Mmoja tu alipenya. Hayo mashamba 17 ya miiba yalikuwa na kazi kubwa. Bila hayo, mtu angeweza kusema kwamba labda msimu ule ndovu hawakuja kabisa.

Mwaka 2024 ilitoka taarifa ya miaka tisa kutoka Sagalla, karibu na Voi, kwenye mashamba 26 yanayopakana na Tsavo. Katika misimu ya mazao ua ule ulizuia ndovu kwa kiasi cha asilimia 86. Wakulima waliuza pia tani moja hivi ya asali.

Msikimbilie kununua mizinga bado. Taarifa hiyohiyo inasema kwamba ukame wa mwaka 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na kwa miaka iliyofuata ndovu wengi zaidi walipenya. Nyuki wakihama, ua unabaki mbao tupu. Na hiyo tani moja ukiigawa kwa mashamba 26 na kwa miaka tisa, utaona kwamba asali peke yake haitawatajirisha. Mbeere na Tharaka ni nchi kavu kama Sagalla. Kwa hiyo kikundi kikitaka ua wa mizinga, kipange maji ya nyuki na maua ya kiangazi kabla ya kununua waya. Mizinga iwe mbali na nyumba, na mbuzi na ng'ombe wasifungwe karibu nayo.

WAZEE WETU NI WALIMU PIA

Katika jambo la nyuki sisi hatuanzi na sifuri. Mbeere na Tharaka wamerina asali kwenye mizinga ya magogo tangu zamani. Mzee anajua ni mti gani nyuki wanaupenda, ni maua gani yanatoka mvua ikichelewa, na ni wapi ndovu hupita. Wasomi wenyewe wanalikubali jambo hili. David Brokensha na Bernard Riley walifanya utafiti Mbeere, na mwaka 1988 wakachapisha kitabu cha sehemu mbili. Sehemu ya pili inataja mimea ya Mbeere na matumizi yake. Ujuzi huo waliupata kwa wenyeji.

Basi vijana, msimdharau mzee kwa kuwa hana cheti. Nanyi wazee, msikatae hesabu ya kijana. Mzee ataje njia tatu za ndovu anazozikumbuka, na kijana aandike msimu mzima ni ipi kati ya hizo inayotumika sasa. Hapo mna utafiti.

DAFTARI LA KIKUNDI

Tunapendekeza hatua hizi:

1. Chagueni swali moja. Kwa mfano: ndovu huingia kwetu kupitia wapi na mwezi gani?

2. Nunueni daftari moja gumu. Wachagueni waandishi wawili, mmoja akiwa mgonjwa mwingine aandike.

3. Kila tukio liandikwe siku hiyohiyo: tarehe, saa, mnyama gani, wangapi, walitoka upande gani, shamba la nani, zao gani, ukubwa wa sehemu iliyoharibiwa kwa hatua za miguu, mlifanya nini, na mnyama alifanya nini.

4. Andikeni pia usiku ambao walikuja wakarudi bila kuingia. Wengi husahau hili, na ndilo linaloonyesha kama ulinzi unafanya kazi.

5. Mkijaribu njia mpya, ijaribuni kwenye mashamba kadhaa tu, na mengine yanayofanana nayo yabaki yalivyo kwa kulinganisha. Mkubaliane mapema kwamba wale wa kulinganisha watasaidiwa na kikundi wakipata hasara. Si haki wachache wabebe mzigo wa wote.

6. Mwisho wa msimu, someni daftari mbele ya watu wote, chifu na afisa wa kilimo wakiwepo.

Msiongeze namba ili mhurumiwe. Mkisema magunia ishirini na shamba halijawahi kutoa zaidi ya kumi, afisa ataacha kuamini hata ukurasa ulio wa kweli.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao na mifugo hulipwa kwa bei ya soko. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia fidia.

Lakini sheria ina kifungu ambacho watu wengi hawakijui. Mwenye shamba ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mazao yake anaweza kunyimwa fidia. Utaonyeshaje kwamba ulijilinda? Kwa daftari. Kwa hiyo pigeni ripoti mapema kwa KWS na kwa chifu, na uharibifu ukaguliwe kabla ya kulima upya. Fidia huchelewa, tena sana. Asiye na maandishi atachelewa zaidi.

MTAFITI AKIJA KIJIJINI

Watafiti wengi hupita kwetu, wanauliza maswali, wanapima, wanakwenda. Wapokeeni vizuri, maana Maandiko yanatuagiza kuwakaribisha wageni. Lakini mgeni mwema hachukii kuulizwa. Mwulizeni haya:

• Una kibali cha NACOSTI, na kama ni mambo ya wanyama, KWS wanajua?
• Unatafuta jibu la swali gani?
• Majina yetu na picha zetu utavitumia wapi?
• Utaturudishia majibu lini, kwa lugha gani, na katika baraza gani?

Mwandike majibu yake kwenye daftari. Kisha mwonyesheni kurasa zenu. Mtafiti wa kweli atafurahi kukuta watu waliohesabu misimu minne kabla yake, na atawaona kama wenzake katika kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika msimu uliopita, ni mambo gani kuhusu hasara yetu tunayoyajua kwa hakika, na ni yapi tunayoyakisia?
2. Kwa nini Nehemia alitembea kwanza kabla ya kuita mkutano?
3. Je, kuna njia ya ndovu au ya wanyama wengine ambayo sisi wenyewe tumeifunga kwa shamba au kwa ua? Tunaweza kufanya nini?
4. Kama nyuki wangehama wakati wa ukame, kikundi chetu kingelinda mashamba kwa njia gani nyingine?
5. Ni nani kati ya wazee wetu tungemwomba atuonyeshe njia za zamani, na lini?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kikundi kitembee kuzunguka mashamba yake yote siku moja ya asubuhi, wazee, kina mama na vijana pamoja. Chorani ramani ndogo kwenye karatasi. Tieni alama kila pengo mnyama anapopita, na kila pahali palipo na mavi au alama za miguu. Msiingie msituni wala hifadhini, na mkikuta alama mbichi za ndovu rudini nyuma mtoe habari kwa KWS.

Ramani hiyo iwe ukurasa wa kwanza wa daftari lenu. Mkiwa na msimu mmoja ulioandikwa, tuleteeni tuusome pamoja, ili kikundi cha Tharaka kijifunze kutoka kwa kile cha Mbeere, na cha Buuri kutoka kwa wote wawili. Mungu awabariki, na mvua ije kwa wakati wake.